Aliandika Kwamba Nanuka Pombe

Siku uvumilivu uliponiishia, nilimpumulia daktari usoni.

Sikumtukana wala sikurusha kitu. Niliinama juu ya meza yake, nikashika kingo kwa mikono miwili ili nisianguke, nikapanua mdomo, nikamhemea puani: haaaa. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Tumboni nilikuwa na chai ya rangi na nusu chapati.

"Nusa," nikamwambia. "Nusa vizuri dokta, halafu uniambie ni pombe gani."

Alirudi nyuma na kiti chake mpaka kikagonga ukuta. Mlango ulikuwa wazi, maana hospitali ile milango ya madaktari haifungwagi, na mgonjwa anayefuata anakuwa ameshaingiza mguu mmoja. Foleni nzima ilisikia. Mzee mmoja mwenye bandeji mguuni akasema, "Mnuse basi dokta, si ndo kazi yako?" Wakacheka. Mwingine akaongeza, "Kama ni gongo atajua tu, ile haijifichi." Wakacheka zaidi.

Mie sikucheka. Alichonifanyia yule daktari ni hiki. Alifungua daftari langu ukurasa wa kwanza, akasoma mistari miwili, akalifunga, akalisukuma kuja upande wangu kwa ncha ya kalamu, kama vile hata daftari lilikuwa linanuka. "Punguza pombe, mama. Una mtoto mdogo." Basi. Hakuniuliza naumwa nini. Hakunigusa. Nilipomwambia sinywi, akanijibu bila kunyanyua uso, "Mwenzangu alishaandika."

Alikuwa daktari wangu wa nne, na wa tatu kunijibu hivyo. Na huyo mtoto mdogo aliyenitajia, nilikuwa nimeshanyang'anywa kwa sababu ya hayohayo mwenzake aliyoyaandika.

Ndo maana nikamhemea.

Alichukua kikaratasi, akaandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa, akanirushia. "Chumba cha mwisho kabisa, nyuma ya kufulia. Wakuangalie huko." Nikasoma. Alikuwa amenipa rufaa ya kitengo cha akili.

*

Watu wa hospitali za kawaida kama sie, maisha yetu ya ugonjwa yanakaa kwenye daftari la shule. Unalinunua dukani, lina jedwali la kuzidisha mgongoni, unaandika jina lako juu, na kila daktari anaandika chini ya alipoishia mwenzake. Likijaa au likilowa unanunua jingine, na la zamani linabaki nyumbani linakuwa la kufunika ndoo. Ukienda hospitali mpya wanakwambia, "Njoo na daftari jipya." Hakuna anayeuliza la zamani lilisema nini. Kwa hiyo kuna vitu vinakufuata maisha yako yote, na kuna vitu vinafutika kama havikutokea, na anayeamua kipi ni kipi ni idadi ya kurasa.

Mie nilikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la kijani, la uzazi. Nilimzaa mwanangu vizuri, lakini siku ya tatu nikapata homa mpaka meno yakawa yanagongana. Wakanilaza, wakasema ni maambukizi ya kizazi, wakanianzishia sindano. Manesi waliiita jenta, kama vile ni jina la shoga yao. "Mama wa kitanda cha sita, jenta yako." Nilipopata nafuu wakaniruhusu nikamalizie sindano kwenye zahanati ya karibu na ninapokaa, huku Tegeta kwa ndani, barabara ambayo lami bado hawajaifikiria. Daktari aliandika kwenye daftari la kijani: siku saba.

Nesi wa zahanati alinichorea kijedwali chini ya ukurasa, visanduku saba, kila siku nikichomwa anaweka alama ya vema. Nilikuwa nampenda yule nesi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Visanduku vikajaa na ukurasa ukaisha. Siku ya nane nikaenda tu kuaga, akafunua ukurasa mpya, akaona mweupe, akachora visanduku vingine saba.

"Nesi, si zilikuwa saba tu?"

"Wee mama, dozi haikatizwi katikati. Unataka homa irudi uache mtoto yatima?"

"Lakini dokta aliandika..."

"Dokta nani hapa, wewe au mie? Kanunue kichupa hapo nje, geuka."

Nikageuka. Hilo ndilo ninalojilaumu mpaka leo, kwamba nilihesabu vizuri, nilikuwa na haki, na nikageuka. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Najua kuhesabu mpaka kumi na nne.

Mwishoni mwa zile sindano masikio yalianza kulia kama mbu yuko ndani ya kichwa. Kisha nikaanza kuyumba.

*

Kila mtu alikiita kizunguzungu, na hilo jina limenicheleweshea mambo sana. Kizunguzungu ni dunia kuzunguka. Yangu haizunguki. Nikikaa kimya, kila kitu kimetulia, ni mzima kama wewe. Nikinyanyuka nikatembea, dunia inarukaruka. Vibao vya maduka vinaruka, sura za watu zinaruka, siwezi kumtambua mtu njiani mpaka nisimame. Ndo nikaanza kuambiwa ninaringa. "Siku hizi mama yule hasalimii." Nikinawa uso kwa sabuni nikafumba macho, naanguka palepale bafuni, kama mtu kanivuta kanga. Umeme ukikatika nahitaji ukuta. Kwenye mchanga ni hatari. Kwenye saruji, mchana, nikiangalia mbele, naenda, lakini miguu naitanua kama baharia.

Nilikwenda zahanati ileile siku niliyoanguka kibarazani nikiwa na mwanangu mgongoni. Mtoto hakuumia, alianguka juu yangu, akacheka hata, akadhani mchezo. Mie nilipasuka juu ya jicho. Nesi, yuleyule wa mkono mwepesi, alinisafisha kidonda kwa spiriti. Alimimina nyingi kwa sababu damu ilikuwa nyingi, ikanitiririkia shavuni, shingoni, ikalowesha kanga na blauzi. Akaniwekea plasta, akaniambia, "Haya, daftari lako jipya hilo, ingia kwa tabibu." La kijani nilikuwa nimeliacha nyumbani maana lilikuwa la uzazi, na uzazi ulikwisha.

Nikaingia. Naingiaje? Kwa kuyumba, nimeshika ukuta, jicho limevimba, nimelowa spiriti. Tabibu akakunja pua. Akaandika mistari miwili. Nikatoka na panadoli.

Sikusoma pale. Nilisoma nyumbani. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba nimeanguka, natembea kwa kuyumba, na nanuka pombe. Neno la Kiingereza la pombe halihitaji kidato cha nne, limeandikwa kwenye kila chupa.

Nilicheka. Ninasema kweli, nilicheka. Nilidhani ni kosa dogo, kwamba nikienda kesho nitamwambia dokta ilikuwa spiriti yenu wenyewe, na nesi wake alikuwa amesimama mlangoni ameshika bado ile chupa. Nikaliweka daftari juu ya kabati.

Mume wangu alilisoma kabla ya kesho.

*

Mume wangu ni karani. Karani ni mtu anayeamini kilichoandikwa. Akiambiwa na mkewe kwamba hanywi, na akasoma kwenye karatasi kwamba anakunywa, anakwenda na karatasi. Sikatai kwamba alikuwa na hofu. Alishaniona nimeanguka bafuni mara mbili, alishanikuta nimekaa chini jikoni na mtoto analia. Alikuwa anatafuta jibu, na mtu akampa jibu lenye sahihi.

"Spiriti," alisema. "Kila mlevi ana spiriti yake."

"Uliza nesi."

"Nikamuulize nesi kama mke wangu mlevi? Unanitaka nini?"

Wiki hiyohiyo akampeleka mwanangu kwa mama yake Bunju, na begi lake, na kadi yake ya kliniki, na kila karatasi iliyokuwa kwenye ule mfuko niliokwenda nao kujifungua. Mtoto alikuwa na miezi kumi. Nilisimama kwenye geti nimeshika nguzo. Aliniambia maneno ambayo nimeyashika kama amri ya kanisani: "Leta karatasi ya daktari inayosema vingine, mtoto anarudi siku hiyohiyo."

Kumbe karatasi ndiyo kitu kigumu kuliko vyote. Daktari wa pili alisoma ukurasa wa kwanza, akanipima malaria ili asionekane hajafanya kitu. Wa tatu akanipima mimba. Nikamwambia huyo daktari kwamba mume wangu hanigusi, mimba itoke wapi, akasema, "Walevi mnasahaugi." Kila mmoja aliongeza mstari wake chini, na kila mstari ulirudia wa juu. Daftari lilizidi kunenepa kwa neno moja.

Na mtaani nako. Jirani mmoja alikuja kunishauri nitafune karafuu ili kupunguza harufu. Nilimshukuru. Sikuwa na nguvu ya kufanya vingine.

Wa nne ndo yule niliyemhemea.

*

Nilitaka kuchana ile rufaa ya kitengo cha akili. Nilikaa kwenye benchi nyuma ya kufulia, shuka za hospitali zinapepea mbele yangu, nikawa nafikiria sasa wataandika mlevi na kichaa, na mwanangu ataniona harusini kwake. Lakini nilikuwa nimeshatoka kwangu, nimeshasimama foleni tangu alfajiri, na kurudi mikono mitupu kulinishinda kuliko aibu. Nikaingia.

Daktari wa huko alikuwa mtu mzima mwenye sweta, kwenye joto lile. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha kiti, akafunga mlango. Hicho tu, kufunga mlango, kilitaka kuniliza. Hakufungua daftari. Aliliweka pembeni, akaweka miwani yake juu.

"Nitalisoma baadaye. Nieleze wewe."

Nikaeleza. Sijui niliongea muda gani. Nilitukana pia, nakubali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mara ya mwisho ulikuwa mzima lini?"

"Kabla ya sindano za uzazi."

"Simama hapa. Miguu pamoja. Niangalie." Nikasimama vizuri. "Sasa fumba macho." Nikafumba, na nikaanguka kama gunia, akanidaka, kumbe alishajiandaa. Akaniketisha. Akatikisa kichwa.

"Mlevi anayumba hata akifumbua. Wewe macho yako ndiyo yanakushikilia. Zilikuwa sindano gani?"

"Jenta."

"Ngapi?"

"Kumi na nne, na za wodini."

Akachukua kalamu. "Imeandikwa wapi?"

"Daftari la kijani."

"Liko wapi?"

Liko Bunju. Kwenye ule mfuko wa kujifungulia. Kwa mama mkwe.

"Kalilete," akasema. "Usilete maneno, lete daftari. Nitakuandikia uende kwa daktari wa masikio, lakini bila hilo daftari atabaki kukisia."

Chini ya ile rufaa ya hasira akaandika kwa mwandiko mzuri wa kizamani, unaosomeka: huyu mama hana tatizo la akili. Nikamwambia hiyo nayo niiwekee fremu. Akacheka.

*

Mama mkwe wangu ni mwanamke wa Kilimanjaro, Mkatoliki, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa mtaani kwao, mtu wa kuamka na rozari. Sisemi ni mbaya. Mwanangu alikuwa amenenepa, amesafishwa, amesukwa. Nilipoingia uani alikuwa anatembea.

Anatembea. Hakuna aliyeniambia. Alikuwa anafuata ukuta, mkono mmoja ukutani, miguu ameitanua, tumbo mbele, anayumba kila hatua. Akaniona akasimama. Mie nami nilikuwa nimeshika ukuta wa upande wa pili, miguu nimeitanua. Tukaangaliana hivyo, wote wawili tumeshika kuta. Kisha akageuka, akaenda kujificha kwenye sketi ya bibi yake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja mzima leo?"

"Mie mzima kila siku, mama. Nimekuja kuchukua daftari langu la uzazi, la kijani."

"La nini?"

"Daktari analitaka."

"Daktari si alishakuandikia?" Alisema bila ukali, akimfuta mtoto pua. "Mwanangu, mie sikuchukii. Wote tuna udhaifu. Hata kwetu watu wanakunywa."

"Mama, nyie kwenu mnakunywa mbege tangu ubatizo mpaka msiba. Mie soda ya Krismasi ndo mlevi?"

"Mbege ni chakula," akasema, na alikuwa anamaanisha.

Akaingia ndani akachelewa. Alipotoka alikuwa ameshika daftari, lakini hanipi. Analizungusha mkononi. "Kuna vitu vyangu nimeandika huko nyuma. Kurasa zilikuwa tupu, nikaona zisipotee. Ngoja nizichane kwanza."

"Usichane kitu, mama. Daktari anataka zima."

Tukavutana. Sio sana, kama watu wawili wanaogombania kulipa soda. Nikalipata, nikalifungua palepale nimeegemea ukuta. Kurasa za mbele, visanduku vyangu saba, na vingine saba, kila kimoja na alama ya vema, mwandiko wa mkono mwepesi. Vyote vilikuwepo. Kurasa za nyuma, mwandiko wa mama mkwe: ratiba ya jumuiya, sala Jumamosi ni kwa nani, wiki ijayo kwa nani. Chini yake, nia za kuombea. Ya kwanza, mvua. Ya pili, binti wa jirani apate kazi. Ya tatu: mke wa mwanangu aache ulevi.

Nyumba zote za jumuiya zilikuwa zimeniombea. Kila Jumamosi, kwa kupokezana, walipiga magoti nyumba moja baada ya nyingine, wakasoma hilo ombi kutoka daftari ambalo kurasa zake za mbele zilikuwa zimebeba ushahidi wangu. Ilikuwa ni kugeuza karatasi tu. Hakuna aliyegeuza.

"Tulikuombea kwa upendo," mama mkwe alisema.

"Najua," nikamwambia. "Ndo maana inauma."

Nilitaka kumbeba mwanangu kabla sijaondoka. Nikakaa chini sakafuni, maana nikikaa sianguki, nikamwita. Alikuja mpaka nusu. Akanyoosha kidole, akagusa kovu la juu ya jicho langu, akarudi kwa bibi yake. Niliondoka na hicho kidole.

*

Daktari wa masikio alikuwa dada wa umri wangu, mwenye hijabu ya kijivu, anaongea harakaharaka. Alisoma daftari la kijani akitembeza kalamu juu ya kila kisanduku, anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Halafu akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Angalia pua yangu. Usiiache." Akakigeuza kichwa ghafla kushoto. Macho yangu yakakimbia na kichwa, yakarudi kuitafuta pua yake yamechelewa. Kulia, vilevile. Akanipa ubao wa herufi nisome nimetulia, nikasoma mpaka mstari wa chini. Akanitikisa kichwa taratibu, nikapoteza hata herufi kubwa.

"Ndani ya sikio kuna kitu kinachokwambia uko wima," alisema. "Chako kimekufa. Pande zote mbili."

"Kitapona?"

"Hapana." Hakuzungukazunguka, na nilimheshimu kwa hilo. "Kuna mazoezi nitakufundisha. Macho na miguu vitajifunza kufanya kazi yake. Utakuwa bora kuliko leo. Kama zamani, hapana."

"Ni zile sindano?"

"Hii dawa inajulikana kufanya hivi. Sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini ukiniuliza mie kama mie, ndiyo."

Miezi yote ile nilidhani nikipata jibu nitafurahi. Nilikaa pale nikakumbuka mkono mwepesi, na "geuka", na mie nikageuka.

Aliniandikia barua nzuri. Nikampelekea mume wangu jioni hiyohiyo. Aliisoma mara mbili, kama karani. Akaikunja.

"Pole," akasema. Ilikuwa pole ya kweli, niliiona. Kisha akasema, "Lakini mama atasema hii inazungumzia masikio. Haijasema hunywi. Mtu anaweza kuumwa masikio na akawa mlevi pia. Lile neno bado lipo."

"Wewe unasemaje?"

"Mie nasema lile neno bado lipo."

Nikaenda zahanati. Tabibu alinikumbuka. Nilimwekea mezani madaftari yote mawili na barua ya daktari, nikamweleza taratibu, bila kumhemea. Nikamwita na nesi. Nesi aliangalia visanduku vyake kumi na vinne, akaangalia dirishani. Nikamuuliza, "Siku ile ulinisafisha kidonda na nini?" Akasema kwa sauti ndogo sana, "Spiriti." Tabibu akasikia. Mie nikasikia.

"Sasa futa," nikamwambia.

"Mama, kumbukumbu ya mgonjwa haifutwi. Ndo utaratibu. Kama una lalamiko, lipo sanduku la maoni."

Nikaenda kuliangalia hilo sanduku. Limetundikwa ukutani karibu na choo, limefungwa kufuli lililoota kutu. Kwenye ule mwanya wa kuingizia karatasi buibui amejenga, na ni nyumba ya siku nyingi, ina vyumba. Nikamuuliza mlinzi ufunguo anao nani. Akafikiria. "Alikuwaga nao mganga aliyehama."

Kidato cha pili tulifundishwa kuandika barua rasmi. Anwani kulia, anwani kushoto, yah kwa herufi kubwa, pigia mstari. Mwalimu alitukata maksi kwa kila kosa na tukamwona anatuonea. Nilinunua karatasi zenye mistari nikaandika usiku mmoja na asubuhi yake, nikairudia mara tatu mpaka matusi yote yakatoka. Nikaipeleka mwenyewe kwa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, masjala, nikiwa nimeshika ukuta wa korido yote. Kaka wa masjala alisema iache hapo. Nikamwambia siiachi mpaka nakala yangu ipigwe muhuri wa kupokelewa, hilo nalo nimejifunza, kwamba kisichopigwa muhuri hakikutokea. Akaisoma kwanza. Alipofika chini kabisa akanyanyua uso.

"Dada, hii nakala ya tatu..."

"Piga muhuri, kaka."

Akapiga. Ndiyo hii, ukitoa majina na anwani.

*

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUANDIKWA MLEVI NA KUCHOMWA SINDANO ZAIDI YA ZILIZOAGIZWA

Ndugu Mganga Mkuu, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Tegeta. Nalalamika mambo mawili dhidi ya zahanati iliyotajwa hapo juu.

Kwanza, daktari aliagiza nichomwe sindano kwa siku saba. Nilichomwa siku kumi na nne, kwa sababu nesi alifungua ukurasa mpya na hakurudi kuangalia wa nyuma. Nilimuuliza. Aliniambia nigeuke. Sasa nimepoteza uwezo wa kusimama wima bila kutumia macho, na daktari wa masikio ameandika kwamba hautarudi. Vivuli vya kurasa zote mbili nimeambatanisha.

Pili, nilipokwenda kutibiwa jeraha nilimwagiwa spiriti na nesi wa zahanati hiyohiyo, kisha tabibu wa zahanati hiyohiyo akaandika kwamba nanuka pombe. Hakuniuliza. Hakumuuliza nesi aliyekuwa amesimama mlangoni. Madaktari watatu waliofuata walisoma badala ya kunisikiliza. Nesi amekiri mbele yangu na mbele ya tabibu kwamba ilikuwa spiriti.

Naambiwa kumbukumbu haifutwi. Sina ubishi. Naomba basi isifutwe. Naomba tabibu aliyeandika, kwa mkono wake na sahihi yake, aandike chini ya mstari huo kwamba ilikuwa spiriti ya zahanati, na kwamba mama huyu si mlevi. Naomba pia nesi aandike idadi ya sindano alizonichoma, kwa namba na kwa maneno.

Naomba lifanyike mapema. Mwanangu ameanza kutembea na sikuwepo.

Sanduku la maoni la zahanati halina ufunguo. Hilo nalo naomba liangaliwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
(sahihi)

Nakala:
1. Mganga Mfawidhi wa zahanati husika – kwa utekelezaji
2. Mume wangu – kwa taarifa
3. Mama mkwe wangu, Bunju – kwa taarifa na utekelezaji. Isomwe jumuiya, Jumamosi